Mshipi wa Nailoni na Fundo la Wazee

Mtu akipita sokoni Dilala ataona, kando ya sabuni na betri na viberiti, nyuzi za nailoni za kuvulia samaki zilizozungushwa kwenye vigurudumu vidogo vya plastiki. Nyingine ni nyembamba kama unywele, nyingine ni nene kama unyasi wa kuezekea. Muuzaji ajua bei ya kila moja. Lakini ukimwuliza uzi ule mnene hufungwa namna gani kwenye ndoana, atacheka na kusema: "Fundo ni fundo tu." Mimi nami nilisema vivyo hivyo nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, na neno hilo lilitupotezea samaki tuliyemhitaji sana.

Ilikuwa mwaka wa 2000. Nyumbani kwetu mshahara ulikuwa haujaonekana kwa miezi mingi, na nkambo wangu (ndivyo tumwitavyo babu huku kwetu Katanga), mzee aliyekwisha kuacha kazi ya mgodi, alikuwa amerudia mshipi wake wa ujana. Mshipi ni neno la watu wa pwani, maana yake uzi wa kuvulia. Wengine hulitumia kwa ukanda wa kiunoni, lakini ukanda kwetu ni mukaba, basi msomaji asichanganye. Tulitoka alfajiri kwa baiskeli mpaka ziwa la Nzilo. Macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo alinipa mimi ndoana niifunge. Nikapitisha uzi tunduni, nikafunga fundo lile la kufungia mfuko wa unga, nikalirudia mara ya pili ili liwe imara zaidi, nikavuta. Lilionekana zuri.

Jioni kambale mkubwa akaishika. Nkambo akavuta taratibu, akimwachia na kumrudisha, hata kichwa kikatokea juu ya maji, kipana kama sahani. Mara uzi ukawa mwepesi. Mzee akaukusanya wote ndani ya mtumbwi bila kusema neno, akashika mwisho wake, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe.

"Mjukuu wangu," akasema, "uzi haukukatika. Ungekatika, ungeonekana umechanika. Huu umefungua mlango, ukatoka wenyewe." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Hata mimi ulinitoka hivyo hivyo, mara ya kwanza."

Siku ile tulirudi na perege wanne wadogo kwa watu tisa. Tangu hapo nimejiuliza swali hili: ilikuwaje fundo lililowatosha wazee wetu likawa la uongo mara tu uzi ulipobadilika? Ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia, nayo ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Historia ya fundo ni kazi ngumu kuandika, kwa sababu kamba huoza. Mawe hubaki, mifupa hubaki, chuma hula kutu lakini huacha umbo lake. Kamba na fundo lake hutoweka. Hapa kwetu Kongo, mwaka wa 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mahali paitwapo Ishango, pale mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward. Akapata vyusa vya mfupa vya kuchomea samaki, vyenye meno ubavuni, ambavyo umri wake wahesabiwa kuwa miaka 20,000 hivi. Kwenye kitako cha vyusa hivyo mna mikato. Mikato hiyo ni ya nini? Ni ya kuzuia kamba iliyozungushwa isiteleze. Kamba yenyewe hakuna aliyeiona, lakini nyayo zake zimebaki mfupani. Huko Ulaya bahati ilikuwa kubwa zaidi: mwaka wa 1913, katika matope ya Antrea, mahali palipokuwa Ufini wakati ule na sasa ni Urusi, mtu mmoja alipata mabaki ya wavu wa nyuzi za magome wenye umri wa miaka zaidi ya 10,000. Na tukisoma Injili twawakuta Yakobo na Yohane chomboni pamoja na baba yao Zebedayo, wakitengeneza nyavu zao. Na kutengeneza wavu ni nini, ila kufunga mafundo yaliyofunguka?

Kwetu Lualaba shahidi wa pili ni lugha. Kwa Kiluba ndoana ni ndobo, na kuvua kwa ndoana ni kuloba. Ukivuka kwenda kwa Wabemba utasikia kuloba, na ukishuka kwa wasemao Lingala utasikia ndobo. Wataalamu wa lugha zetu wasema kwamba neno linaloenea hivyo kwa jamaa walioachana zamani sana ni neno walilokuwa nalo kabla ya kuachana. Basi babu zetu walivua kwa ndoana na uzi kabla hawajafika hapa. Tena mbele ya Bukama, karibu na ziwa Kisale, kuna makaburi ya Sanga yaliyochimbwa tangu mwaka wa 1957. Humo mlitoka vyungu vizuri ajabu, vitu vya chuma na vya shaba, na miongoni mwao ndoana za watu walioishi miaka 1,000 hivi iliyopita.

Sasa tazama jambo lenye maana katika habari yetu. Ndoana nyingi za wahunzi wa kale, huku na po pote duniani, hazikuwa na tundu. Mhunzi aliukunja mti wa chuma, akanoa ncha, akaponda kichwa kikawa bapa, basi. Uzi ungefungwa wapi? Haukufungwa mahali pamoja. Ulilazwa kando ya mti wa ndoana, ukazungushwa juu yake mara nyingi, mizunguko ikipangana bega kwa bega, na kile kichwa bapa kikauzuia usichomoke. Kilichoshika hakikuwa kifundo kimoja. Kilikuwa msuguano wa mizunguko yote pamoja. Ni kazi ile ile ya chusa cha Ishango.

Kisha zikaja ndoana za viwanda. Waingereza wa mji wa Redditch walizitengeneza kwa wingi, na Wanorwe wa nyumba ya Mustad wakabuni mashine ya kuzitengeneza mnamo mwaka wa 1877. Ndoana zenye tundu zikaenea ulimwenguni. Kwetu zilifuata reli. Treni ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na Bukama mwaka wa 1918. Mwaka wa 1931 njia ya Tenke mpaka Dilolo, ipitayo hapa Kolwezi, ikatuunganisha na bahari ya Lobito. Migodi ilikuwa na watu wengi wa kulisha. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakisafirisha samaki wa Luapula na Mweru kuwapeleka mjini, na pamoja na biashara hiyo zikaenea nyuzi za pamba za dukani.

Pamba ina tabia njema kwa mvuvi mvivu: ina manyoya. Uzi wake ni nyuzi nyingi zilizosokotwa, na kila moja hushika mwenzake. Ukiupitisha tunduni na kufunga fundo la mara mbili, ukishalowa huvimba na kushikana. Basi watu wakaacha kuzungusha. Kwa nini ujitaabishe na mizunguko saba ikiwa mara mbili zatosha? Maarifa ya wazee hayakukatazwa na mtu ye yote. Yaliwekwa kando tu, kama jembe la zamani nyuma ya mlango.

Huko Ulaya, wakati huo huo, wavuvi wa mito walikuwa na shida ambayo sisi hatukuijua bado. Mwisho wa mshipi wao ulikuwa uzi wa hariri usiosokotwa, uliovutwa mzima kutoka katika tumbo la kiwavi wa hariri. Ule mwema ulitoka Murcia, Hispania. Ulikuwa laini na wenye kung'aa, samaki hakuuona upesi, lakini kila kipande kilikuwa kifupi, na sharti ulowekwe kabla ya kufungwa. Kuunganisha vipande hivyo iliwabidi wapate fundo la mizunguko, ambamo kila uzi humzunguka mwenzake mara kadhaa. Mwingereza A. H. Chaytor alilieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1910. Kwa hiyo, nailoni ilipokuja, wavuvi hao walikuwa tayari na fundo lake. Sisi tulikuwa tumeliacha letu.

Nailoni ilipatikana Marekani tarehe 28 Februari 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont, chini ya mtaalamu wa kemia Wallace Carothers. Mtu huyo alikufa mwaka wa 1937, kabla uzi wake haujauzwa dukani. Mwaka wa 1938 kampuni ikautangazia ulimwengu. Kwanza zikauzwa nywele za miswaki, na mwaka wa 1940 soksi za wanawake. Mwaka ule ule wa 1938 Mjerumani Paul Schlack alipata aina ya pili, iliyoitwa Perlon. Vita vikaichukua nailoni yote kwa miavuli ya askari na kamba za jeshi, na baada ya mwaka wa 1945 ikarudi kwa raia. Miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliingia katika Ziwa Victoria, zikazifukuza zile za kitani zilizokuwako tangu mwaka wa 1905. Miaka hiyo hiyo zikaingia Mweru na Luapula. Na hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka hiyo, bwawa la Nzilo, lililoitwa Delcommune zamani za Wabelgiji, liliufunga Lualaba kwa ajili ya umeme wa migodi, likazaa ziwa mahali palipokuwa bonde. Kwa hiyo ziwa jipya na uzi mpya vilifika karibu pamoja.

Wengi walidhani ni pamba yenye nguvu zaidi tu. Sivyo. Vipande vya nailoni huyeyushwa, hukamuliwa kupitia tundu, hupozwa, kisha uzi huvutwa mpaka urefu wake uzidi mara kadhaa. Kuvutwa huko ndiko kunakoleta nguvu, kwa maana chembe zake ndefu hulala sambamba kama mabua katika mganda. Uzi wa unene wa milimita moja waweza kuhimili kilo 40 na zaidi. Lakini nguvu hiyo ni ya kuvuta moja kwa moja. Ukiukunja kwa pembe kali, au ukijikata wenyewe ndani ya fundo, nguvu hupungua. Fundo la kawaida, lile la kitanzi kimoja, laweza kuondoa hata nusu yake. Tena ni uzi mmoja, laini, wa mviringo, usio na manyoya ya kushikana. Tena ni kama chemchemi ya chuma, hukumbuka unyofu wake na kutaka kuurudia. Fundo la mfuko wa unga likifungwa kwa uzi wa namna hiyo halilali. Lakaa macho, likingoja nafasi. Samaki akivuta na kulegeza, kuvuta na kulegeza, kila mara ncha huingia ndani kidogo, mpaka yapita. Ndipo hujikunja ule mkia wa nguruwe niliouona.

Hata wenye viwanda waliliona. Fundo la wavu la siku zote, lililoshika kitani na pamba tangu kale, liliteleza katika nailoni. Iliwabidi kulifanya la mara mbili, au kulikaza kwa moto na dawa baada ya kusukwa.

Sasa nirudi kwa nkambo. Alizaliwa mwaka wa 1938 kandokando ya Lualaba, akavua utotoni pamoja na mjomba wake kwa ndoana zisizo na tundu zilizofuliwa kwa misumari. Akiwa kijana akaja Kolwezi kutafuta kazi, akajifunza ndoana za dukani na fundo la pamba. Mwaka mmoja kabla ya uhuru, yaani 1959, alinunua nailoni yake ya kwanza, nene, kwa fedha ya siku kadhaa za kazi. Samaki watatu wakubwa wakamtoka mmoja baada ya mwingine. Akadhani ameuziwa uzi mbovu. Alipokwenda kijijini akamwonyesha mjomba wake, ambaye alikuwa hajapata kuona kitu cha namna hiyo. Mzee yule akaunusa, akausugua kati ya vidole, akasema: "Mpwa wangu, huu una ute kama kambale. Kambale humkamati kwa kidole kimoja." Akachukua ndoana yenye tundu, akaizungushia uzi ule kana kwamba tundu halipo.

Nkambo alinionyesha siku ile ile mtumbwini, nasi tulikuwa na njaa. Nitaeleza kama nilivyofundishwa. Pitisha ncha ya uzi tunduni, uilaze kando ya mti wa ndoana, kisha uirudishe kuelekea tunduni ili ifanye kitanzi kirefu. Ncha hiyo uizungushe mti wa ndoana pamoja na uzi uliolala juu yake, ikipita ndani ya kitanzi kila mara, mara tano. Ikiwa uzi ni mnene sana, mara nne. Hapa wengi hukosea, wakidhani uzi mnene wataka mizunguko mingi. Ni kinyume chake: uzi mwembamba hukubali sita au saba, lakini mnene ukizidishiwa mizunguko haukaziki kabisa, na fundo lisilokazika halina faida hata likipendeza macho. Kisha tia mate. Usione haya, mate si uchafu hapa: uzi mkavu ukisuguana na mwenzake hupata moto, na moto ni adui wa nailoni, huudhoofisha mahali pale pale utakapouhitaji. Vuta ncha kwanza ili mizunguko ijipange, isipandane. Mwishoni tia ndoana kwenye msumari au ishike kwa koleo, zungusha uzi mrefu kwenye kijiti usije ukakukata mkono, na uvute kwa nguvu zako zote, polepole, bila kushtua. Kama litateleza, liteleze mkononi mwako, si mdomoni mwa samaki.

Watu wa maduka ya nje wana jina lao kwa fundo hilo, nalo limo katika kitabu kikubwa cha Clifford Ashley, Mmarekani aliyechapisha mwaka wa 1944 mafundo yapatayo 3,900. Yapo mengine mema kwa uzi mwembamba, kama lile la kupita tunduni na kuzunguka uzi wenyewe mara tano. Lakini kwa uzi wa milimita moja mimi silitumii. Nguvu ya mikono yangu haitoshi kulilaza. Na baharini, katika meli za kuvua jodari, ambako mshipi hufika unene wa milimita 3, fundo mara nyingi laachwa: uzi hukunjwa kitanzi na kubanwa ndani ya kibomba kifupi cha alumini au cha shaba. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Huenda shaba iliyotoka ardhini mwetu imeshika samaki wengi kuliko sisi tuishio juu yake.

Kuna neno moja zaidi la uzi huu. Pamba iliyopotea ziwani ilioza; nailoni haiozi, umri wake majini wahesabiwa kwa mamia ya miaka, na wavu uliopotea waendelea kuua pasipo mvuvi. Kwa sababu hiyo na nyingine, katika Ziwa Victoria nchi zote tatu zimepiga marufuku nyavu za uzi mmoja usiosokotwa. Mshipi si wavu, lakini nkambo alirudi daima na vipande vyake vyote mfukoni, akavitia motoni. Alisema ng'ombe wa jirani aliwahi kuvila.

Mzee alifariki mwaka wa 2011. Mwaka jana nilimchukua mtoto wa ndugu yangu mpaka Nzilo. Nikampa ndoana aifunge, nami nikakaa kimya, nikitaka kuona. Akapitisha uzi tunduni, akafunga mara moja, akarudia mara ya pili, akavuta kidogo, akanionyesha kwa furaha. Nikaitia ndoana kwenye msumari wa mtumbwi, nikazungusha uzi kwenye kijiti, nikamwambia avute kwa nguvu. Akavuta, akaanguka chali. Uzi ulikuwa umejikunja mwishoni, akautazama kwa mshangao.

"Umekatika, Baba?" akaniuliza.

Tulifunga upya, pamoja, mate yake na yangu. Tulipata perege wawili tu siku hiyo, wadogo, wasioweza kulijaribu fundo la namna ile. Ndoana bado imefungwa hivyo; iko ukutani jikoni, na mtoto hataki mtu aifungue.